Mvua imeanza na watoto wamefungua shule: wazazi wa Kisumu, Nakuru na pande za Western tuongee juu ya homa, maji na yaliyosemwa kwenye mkutano wetu (UZI)

Mama Pacha, Migosi

Habari zenu wazazi. Naandika usiku, watoto wamelala na mvua inapiga mabati hadi redio haisikiki, na hii kitu imekua kwa roho yangu tangu Ijumaa kwa hivyo nimeamua niitoe hapa.

Ijumaa tulikua na mkutano wa wazazi shuleni. Term ya pili imeanza tu juzi na shida za mvua zimeanza nayo. Wacha kwanza niwape habari za shule haraka haraka ju najua shule nyingi za huku ziko hivyo hivyo. Tanki ya lita elfu 10 imefungwa gata upande wa klasi za gredi ya 4, wazazi tulichanga na BOM (bodi ya shule) ikamalizia, asanteni wote mliotoa hata wale walitoa mia mia. Vyoo vya wasichana, ile miwili ya nyuma, imefungwa. Mvua imejaza shimo hadi maji machafu yakatoka juu, nyinyi mnajua udongo wa huku ukichimba kidogo tu unapata maji. Lori ya kunyonya itakuja lakini kwa sasa wasichana wanapanga laini ndefu sana wakati wa breki na wengine wanajizuia hadi waende nyumbani, hio si nzuri hata kidogo. Siku ya dawa ya minyoo itatangazwa kwa barua, mtoto akileta karatasi msiitupe na vitabu vya zamani. Gredi ya 6 wataanza kubaki hadi saa kumi sababu ya mtihani wao wa KPSEA.

Hayo ndio ya shule. Sasa ile kitu ilinifanya niandike.

Jumapili jioni wiki iliyopita mdogo wa pacha wangu, Adongo, alipata joto la mwili. Nikampa Panadol akalala. Asubuhi mwili ulikua umepoa, anacheka, amekunywa chai na andazi, nikamvalisha yunifomu nikampeleka shule. Mimi nauza mitumba Kibuye na siku nisipofungua gunia hakuna kitu inaingia hio nyumba. Jioni joto likarudi. Nikapita kwa kemisti moja ya mtaani nikaeleza, akanifungia vidonge vya malaria vichache na chupa ya antibayotiki, hakupima mtoto, hata hakumuona ju mtoto alikua nyumbani. Jumanne pia akaenda shule. Jumatano saa nne tisha (mwalimu wake) akanipigia, mtoto amelala kwa dawati na ametapika mara mbili. Nilibeba na boda hadi dispensari, wakadunga kidole, baada ya dakika kama 20 laini mbili zikatokea. Malaria. Alilazwa siku mbili kwa hospitali tuliyotumwa ju alikua hawezi kumeza kitu ikabaki tumboni. Saa hii yuko sawa, namshukuru Mungu, leo amepigana na mwenzake juu ya kijiko.

Nilipoenda kumshukuru tisha aliniambia kitu sijasahau. Alisema hio Jumatano kwa klasi yake watoto wanne wengine walikua na mwili moto, na wote walikua wamepewa dawa ya kupunguza joto asubuhi ndio wafike shule. Na wamama wao wote wana sababu kama yangu. Hakuna mtu wa kuachia mtoto.

Kwa hivyo kwa mkutano nilisimama nikasema, shida si ati hatujui mtoto mgonjwa anafaa kukaa nyumbani. Tunajua. Shida ni anakaa na nani. Nataka kusikia nyinyi mnafanya aje huko kwenu.

Baba wa Nyalenda

Mama Pacha pole sana na pole kwa Adongo. Hii imenigusa ju mimi ndio nilikua nasema kwangu "hio ni homa ya mvua, itaisha". Mvulana wangu alinyeshewa akitoka shule, usiku akawa na joto, nikasema ni ile mvua imemuingia. Kumbe ni malaria na alikua ameumwa na mbu siku nyingi kabla. Kuna mtu anaweza kunielezea hii vizuri? Mvua inaleta homa ama haileti?

Mhudumu wa Ahero

Ndugu Baba wa Nyalenda wacha nikuelezee, mimi ni CHP, mhudumu wa afya wa jamii, pande za Nyando, nazunguka nyumba kwa nyumba na mkoba.

Kunyeshewa hakuleti malaria. Mvua inaacha maji kila mahali, kwa tairi, kwa nyayo za ng'ombe, kwa mitaro na kwa hizi mashamba za mpunga, mbu anataga hapo na baada ya siku kama 10 mbu wapya wako nje. Akikuuma mwenye vimelea vya malaria, inachukua kama siku 7 hadi 14 ama zaidi ndio uone homa. Kwa hivyo ile siku mtoto alinyeshewa si ile siku aliambukizwa, aliumwa wiki moja ama mbili nyuma.

Ile kitu Panadol inafanya ni kushusha joto, haigusi vimelea hata kidogo. Na homa ya malaria yenyewe inapanda na kushuka, ndio maana asubuhi unaona mtoto ako sawa unadanganyika. Mtoto akipata joto apimwe ndani ya masaa 24. Hapa kwetu kaunti za ziwa CHP wako na kile kipimo cha kidole, tunapima nyumbani na hatulipishi. Muulize mzee wa mtaa namba ya CHP wenu, kila nyumba iko chini ya mmoja.

Akipatikana na malaria atapewa AL, vile vidonge vya malaria, hizo ni dozi 6 kwa siku 3. Ya kwanza hapo hapo, ya pili baada ya masaa 8, alafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Apewe na chakula ama maziwa, kitu iko na mafuta kidogo, ju bila hivyo mwili hauichukui vizuri. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza rudi upewe ingine. Na usikate siku ya pili ju ameanza kucheza, wengi wanafanya hivyo wanawekea yule mdogo wake vilivyobaki. Mama Pacha kile kemisti alikupa hakikua dozi, hio ilizima kidogo tu alafu ikarudi na nguvu.

Dalili zenye hautangoji CHP wala kesho: degedege, kutapika kila kitu, kukataa kunywa ama kunyonya, kulegea hadi haamki vizuri, ama kupumua mbio na kifua kinaingia ndani. Hapo ni hospitali, hata kama ni saa nane usiku, amsha jirani mwenye pikipiki.

Nyar Kano

Mama Pacha mimi ni mzazi wa klasi hio hio, mtoto wangu ni mmoja wa wale wanne. Niliona aibu kwa mkutano sikuongea. Nafanya kazi ya kuosha nguo Milimani na mama wa huko aliniambia nikikosa siku moja ingine nisirudi. Nilimpa Panadol saa kumi na mbili asubuhi nikaomba Mungu. Nimesoma hapa nimelia.

Mama Pacha, Migosi

Nyar Kano dadangu usione aibu, mimi nilifanya vile vile siku mbili mfululizo. Nitakupigia kesho.

Mwalimu wa Kaptembwo

Nafundisha gredi ya 3 Nakuru, shule ya umma. Wacha niongeze upande wetu ju watu hudhani Nakuru hakuna malaria kwa hivyo haituhusu.

Hapa mbu wa malaria ni wachache kweli, ni baridi. Lakini kila mwaka wiki ya pili na ya tatu baada ya kufungua term ya pili napata watoto wawili watatu wenye homa kali, na ukiuliza walikua wapi likizo ya Aprili unaambiwa Siaya, Busia, Bungoma, kwa nyanya. Waliumwa huko, homa imetokea huku. Na ju wamekulia huku miili yao haijazoea, inawachapa vibaya kuliko binamu zao wa kijijini. Mzazi anapeleka hospitali Nakuru anasema ni mafua, daktari naye hajui mtoto alisafiri. Tafadhali mkienda hospitali sema bila kuulizwa, "alikua Busia wiki mbili zilizopita." Hayo maneno yanaweza kuokoa mtoto. Na mkienda ushago bebeni neti yenu kwa begi, msiende kulalia ile ya nyanya imetoboka.

Shida yetu kubwa Nakuru msimu huu ni kifua. Asubuhi ni baridi, watoto 60 kwa klasi, madirisha tunafunga, mmoja akikohoa kufikia Ijumaa nusu ya klasi wanakohoa. Mimi siku hizi nafungua madirisha ya pande zote mbili hata wakilia baridi, nawaambia waje na sweta mbili. Wazazi wengine walinikasirikia lakini tangu nianze kufanya hivyo sioni klasi nzima ikikohoa pamoja. Na nyumbani ule moto wa makaa ndani ya nyumba ya chumba kimoja na mlango umefungwa ju ya mvua, jameni, hio inaumiza mapafu ya watoto na usiku inaweza kuua familia nzima. Jiko litoke nje kabla mlale.

Mhudumu wa Ahero

Mwalimu asante, hio ya safari ni kweli kabisa. Na kwa kifua, mama unaweza kuhesabu pumzi mwenyewe mtoto akiwa ametulia, tumia simu dakika moja nzima. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 ama zaidi, ama yule wa miezi 2 hadi 12 akifika 50, hio inaweza kuwa nimonia, aende kituo cha afya. Usingoje dawa ya kikohozi ya chupa ifanye kazi, haitibu nimonia.

Kuna kitu nimesahau. Mkipewa neti nyumbani tunaweka mtoto mchanga na mama chini yake, sawa, lakini huyu wa miaka 7, 8, 10 analala kwa kochi ama chini kwa godoro bila kitu. Na hawa wa shule ndio mara nyingi ukipima wanapatikana na vimelea hata bila kuwa wagonjwa, mbu anawauma anapelekea wengine. Neti ya kochi inawezekana, gongomea misumari minne kwa ukuta na kamba. Na wenye wadogo, chanjo ya malaria iko huku kwetu tangu 2019, ilianzia Homa Bay, ni dozi 4 na ya kwanza ni akifika miezi 6. Ile ya mwisho ndio wengi husahau ju mtoto ashakua anatembea.

Shangazi wa Minnesota

Hamjambo watu wangu, mimi ni wa Kondele lakini niko Minnesota miaka mingi. Huku ndio theluji imeisha, miti inatoa maua na shule ya mtoto wangu imetuma barua ya msimu. Yaani nimecheka na kulia pamoja kusoma uzi huu ju barua yenyewe iko na habari za mkutano wa wazazi na siku ya michezo kama yenu, alafu mambo ya afya. Huku wanaogopa chavua ya miti inafanya watoto wapige chafya na macho yawashe, na kupe wa msituni ju yule kupe wa huku anaambukiza ugonjwa unaitwa Lyme. Kila mtoto akitoka kucheza nyasini tunamkagua nyuma ya masikio, kwapani na kwa nywele.

Lakini ile sheria nataka niwaletee ni hii. Mtoto akiwa na homa harudi shule hadi apitishe masaa 24 bila joto na bila kupewa dawa ya kushusha joto. Bila dawa, hapo ndio kuna maana. Ukimpa dawa asubuhi akapoa, hio haihesabiwi. Mimi nikisoma ya Adongo nikaona ndio hio hio.

Baba wa Nyalenda

Shangazi karibu, na hio sheria ni nzuri. Lakini naomba niseme ukweli wa huku. Mimi nabeba mchanga site, bibi yangu anauza samaki, tukikosa siku mbili kodi haitoshi. Huko kwenu labda mtu anapewa ruhusa ya mtoto mgonjwa na analipwa, huku mtu wa kibarua hana hio kitu. Ukileta sheria ya masaa 24 bila kusema mtoto atakaa wapi, wazazi wataficha zaidi. Wataongeza Panadol. Mtoto ataambiwa "usimwambie tisha uliumwa usiku." Nimeona hio kwa macho yangu.

Mwalimu wa Kaptembwo

Baba wa Nyalenda umesema kweli tupu. Nishawahi kuambiwa na mtoto wa miaka 8, "mwalimu mama amesema nisiseme." Alikua anatetemeka.

Shangazi wa Minnesota

Ndugu yangu nimekusikia na sijakasirika. Hata huku si wote wanalipwa wakikaa nyumbani, mimi nafanya kazi ya kutunza wazee na siku nisipoenda sipati kitu. Kitu ilinisaidia ni tuko wamama wanne Wakenya jengo moja na zamu zetu ni tofauti, mmoja wetu huwa nyumbani.

Mama Pacha, Migosi

Shangazi umesema hio kitu tulifikia kwa mkutano! Wacha nieleze vile tumepanga, ingawa ni mwanzo tu.

Tulitoa karatasi kila mtu akaandika anaishi wapi na siku gani huwa nyumbani. Ikaonekana kwa klasi yetu kuna nyanya watatu, kuna mama mmoja anashona nguo nyumbani, kuna baba mmoja analinda usiku kwa hivyo mchana yuko ingawa anahitaji kulala, na mama mmoja amejifungua juzi huyo tukasema asiguswe ju ya mtoto mchanga. Kwa hivyo Migosi tuko na nyumba mbili, Manyatta mbili, Kondele moja. Mtoto akiwa na homa mzazi anapiga kwanza kwa CHP apimwe, alafu kama hana mtu anapeleka kwa nyumba ya zamu na dawa zake zimeandikwa saa kwa karatasi, namba ya simu yake, na chakula chake. Hio ya chakula tuliongea sana. Nyanya mmoja alisema vizuri, "mimi sina shida na mtoto, nina shida na unga." Kwa hivyo kila mzazi ametoa shilingi 50 ya mwanzo, mwekahazina ni yule fundi wa nguo, ni ya uji na maziwa. Mtoto mwenye anaharisha ama kutapika haendi kwa nyumba ya mtu ju ataambukiza wengine, huyo mzazi wake tunamchangia siku moja akae naye.

Na hedi wa shule amekubali mtoto akikosa ju ya ugonjwa asipigwe wala asiambiwe alete mzazi, anatuma tu ujumbe.

Najua kuna mambo mengi yanaweza kwenda vibaya. Tumekubaliana mtoto asiachwe kwa nyumba yenye hatujui, na kila nyumba ilitembelewa na wazazi wawili kwanza.

Baba wa Nyalenda

Hio ya kutembelea nyumba ni ya maana sana. Mtoto wa mtu si mzigo wa kuacha popote.

Msichana wa Obunga

Samahani nibadilishe kidogo. Mamangu hataki ndugu yangu apewe ile dawa ya minyoo shuleni. Mwaka jana walipewa na watoto wengine walizunguka kichwa, mmoja akaanguka, wazazi wakaja na kelele. Ni salama kweli?

Kukhu wa Malava

Mjukuu wangu, mulembe. Mimi nimelea watoto tisa na wajukuu siwezi kuhesabu. Zamani tulikua tunaona mtoto tumbo kubwa, miguu nyembamba, nywele nyekundu, anakula udongo, tunasema ni wa hivyo tu. Minyoo ilikua inakula kile mtoto anakula. Siku hizi wajukuu wangu wanapewa shuleni na naona wanavyonenepa. Mwambie mama amkubalie.

Mhudumu wa Ahero

Kukhu asante. Dada wa Obunga, wacha nieleze ju kuna dawa mbili na watu wanazichanganya. Ya minyoo ya kawaida ni albendazole, kidonge kimoja cha kutafuna, mara moja, na serikali inapeana mashuleni nchi nzima penye minyoo ni mingi tangu 2012. Hio mtoto anaweza kupewa hata kama hajakula. Ya pili ni ya kichocho, praziquantel, inapeanwa pande za ziwa, wanapima mtoto urefu na ule mti wa kipimo ndio wajue vidonge ni vingapi. HIO ndio mtoto lazima ale kwanza. Akipewa na njaa atasikia kizunguzungu, tumbo litauma, anaweza kutapika. Na mtoto mwenye minyoo mingi atasikia vibaya kidogo zaidi ju minyoo inakufa ndani, inapita kwa masaa machache. Kwa hivyo hio siku asitoke nyumbani na chai ya rangi peke yake. Mpe viazi, ugali wa jana, chochote kizito. Na yule mtoto anaumwa siku hio aseme, atapewa siku ingine.

Mama wa Dunga

Hapo kwa kichocho wacha niongee, sisi tunaishi na maji. Watoto wangu walikua wanachota na kuogelea pale pale wanaume wanaosha nyavu, na mimi nilikua nangoja kuona damu kwa mkojo ju ndio nilifundishwa shuleni. Sikuona. Kumbe daktari aliniambia kichocho cha pande hii ya ziwa mara nyingi kinakaa kwa matumbo na ini, damu unaiona kwa choo kubwa, ama huoni kabisa, mtoto anachoka tu na tumbo linauma kila mara. Binti yangu alikua anasemwa ni mvivu klasini. Hakua mvivu!! Alitibiwa na sasa ni mwingine kabisa.

Konokono wadogo wa kwenye magugu ndio wanaleta, na mdudu anaingia kwa ngozi tu, hata haumwi. Hata dawa ikipeanwa kila mwaka mtoto akirudi majini anapata tena. Mimi naweka maji ya kuoga kwa pipa siku mbili kabla watumie, niliambiwa wale wadudu hawaishi hivyo. Kuwazuia wasiende ziwani kabisa nimeshindwa, nasema ukweli, lakini choo wanafanya chooni si kwa nyasi za ufuoni, hio nimeshikilia hadi watoto wa majirani wananiogopa.

Fundi wa Gata, Kakamega

Nimeona mama ameongea juu ya tanki ya shule. Hongera. Lakini tanki si kufunga tu gata. Mabati yamekaa kiangazi chote yamejaa vumbi, kinyesi cha ndege na mijusi waliokufa. Mvua ya kwanza isiingie tanki, weka bomba ya pembeni ya kumwaga maji ya mwanzo ama ondoa gata ungoje mabati yaoshwe. Juu funika na wavu mdogo sana, la sivyo mbu watataga ndani na mtakua mmejenga nyumba ya malaria shuleni. Na mfereji wa chini uwe na sehemu ya maji kupotea na mawe, kama hakuna pale chini patakua tope na watoto watanawa mikono wakikanyaga uchafu. Mwambieni hedi aangalie hayo tatu kabla fundi alipwe pesa ya mwisho.

Mwalimu wa Kaptembwo

Fundi umenikumbusha. Wazazi wa Nakuru wenye watoto wadogo, mvua ni baraka ju ya meno. Maji mengi ya visima vya huku yako na floridi nyingi, hayo ni madini ya ardhini, ndio mnaona watoto meno yana rangi ya kahawia hata akipiga mswaki kila siku. Kuchemsha hakutoi, kunaifanya ikolee zaidi. Maji ya mvua hayana. Yawekeni ya kunywa na kupikia uji wa wale bado meno ya ukubwa hayajatoka, alafu ya kisima muoshe nguo.

Mhudumu wa Ahero

Lakini maji ya mvua pia yatibiwe jameni, chemsha ama weka dawa ya klorini kulingana na maandishi ya chupa na ungoje nusu saa. Kipindupindu kilikua hapa Kisumu na Migori 2025 mwezi kama huu, si hadithi ya zamani.

Mtoto akiharisha maji maji ni ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kutoka ile mara ya kwanza, usingoje alegee. Angalia pakiti, kuna ya nusu lita na kuna ya lita moja, ukiichanganya vibaya inakua kali ama nyepesi. Kama hakuna kabisa, lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari, vya kusawazishwa si vya kujaa mlima. Kijiko kimoja kimoja akiwa anatapika. Na zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumeisha siku ya tatu. Chakula aendelee, na anayenyonya aendelee.

Ya sabuni, najua watu wanasema sabuni inaibiwa shuleni. Chukua chupa ya lita moja na nusu, weka sabuni ya unga kidogo na maji, toboa kifuniko na msumari, funga na kamba kando ya kibuyu chirizi, kile kidumu cha kunawia mikono. Hakuna mtu ataiba maji ya sabuni.

Kukhu wa Malava

Na radi. Hakuna mtu amesema radi. Huku kwetu na Kisii mvua ya jioni inakuja na radi saa ile watoto wanatoka shule. Wasisimame chini ya mti, wasicheze mpira uwanjani kumetanda, wasishike waya wa ua. Ukisikia imenguruma ingia nyumba nzuri, na ikinyamaza ngoja nusu saa. Mwalimu asiwafukuze watoto nyumbani ju ni saa ya kwenda, awaweke klasini. Nimezika mtoto wa jirani.

Mama Pacha, Migosi

Kukhu pole sana. Nimempelekea hedi maneno yako vile yalivyo.

Mama Pacha, Migosi (siku tisa baadaye)

Nimerudi wazazi. Lori ilikuja Jumamosi, vyoo vimefunguliwa leo. Fundi, tulikua hatuna wavu juu ya tanki na hatukua na mahali pa kumwaga maji ya kwanza, vyote vimewekwa, asante. Watoto wamebaki klasini mara mbili ju ya radi, wazazi wawili walilalamika wakasomewa ujumbe wa Kukhu wakanyamaza. Barua ya minyoo imetoka, angalieni begi za watoto leo usiku, na wenye watoto wanaenda ziwani msisahau ni chakula kwanza.

Zamu, imetumika mara tatu. Mara ya kwanza mama alichelewa kuchukua mtoto hadi saa mbili usiku na nyanya alikasirika, tukaketi tukaongea. Sasa saa kumi na mbili ndio mwisho. Nyar Kano yule wa leo ameendeleaje?

Nyar Kano

Si wangu leo, ni wa yule mama wa chips. Mimi leo sikua na kazi ndio nikasema aje kwangu. CHP alikuja saa moja akampima, laini moja, hana malaria, kwa hivyo hakupewa dawa ya malaria, ni mafua na joto. Amepewa ya kushusha na tumeambiwa joto likirudi kesho kutwa apimwe tena. Amekunywa uji vikombe viwili, saa hii amelala na mdoli wa msichana wangu. Mama yake atamchukua kumi na mbili. Kesho pia atakaa, nimemwambia asimvalishe yunifomu.